Moto Kwanza au Mafuta Kwanza

Gari kuukuu la petroli linalokataa kuwaka huwa limekosa kimoja kati ya vitu vinne: nguvu ya betri, cheche, mafuta, au mgandamizo ndani ya silinda. Anayeanza ufundi hukimbilia boneti. Angetulia kwanza kwenye usukani, azungushe ufunguo mara moja tu, asikilize. Gari litanyamaza, au litatoa "ka-ka-ka" kama mtu anayebisha mlango kwa ukucha, au stata itaizungusha injini vizuri nayo isishike. Hizo ni habari tatu mbalimbali, na anayezichanganya hushinda siku nzima akinunua vipuri ambavyo gari halikuviomba.

Mwandishi wa kumbukumbu hizi, ambaye sasa ameweka spana chini, alijifunzia habari hizo Nakuru mwanzoni mwa miaka ya 1980. Utoto wake hauna mengi: alizaliwa upande wa Njoro, akafanya mtihani wa CPE wa kumaliza shule ya msingi, karo ya sekondari ikakosekana, mjomba akampeleka mjini kwa fundi aliyeitwa na wote Mzee tu. Mzee alikuwa amefunzwa kazi katika gereji ya Mhindi, kisha akatoka na sanduku lake la spana akafungua uwanja chini ya jua. Uwanja ulijaa Peugeot 504. Gari hilo lilikuwa limeshinda Safari Rally mwaka 1975 mikononi mwa Ove Andersson na tena mwaka 1978 mikononi mwa Jean-Pierre Nicolas, na steshenwagoni zake ndizo zilizobeba abiria kwenda Nairobi. Lilikuwa darasa zuri: silinda nne, kabureta, distribyuta, na karibu kila kosa laonekana kwa macho.

Kimya na "ka-ka" huchunguzwa kwenye njia ya umeme mzito. Gia iwe huru na breki ya mkono ikazwe kwanza. Mwanagenzi mmoja uwanjani alipiga stata gari likiwa kwenye gia ya kwanza, likaruka na kuangusha meza ya mama wa chai, mandazi yote yakaishia kwenye oili. Kisha washa taa kubwa, piga stata. Taa zikififia sana au kuzimika, betri imechoka au tamino zimeota ukungu. Betri iliyojaa na kupumzika husoma karibu volti 12.6, ikisoma 12 imebakiwa na kama robo ya nguvu yake, na stata inapovuta isishuke sana chini ya 9.6. Taa zikibaki kali na stata isiseme kitu, betri haina lawama: kosa liko kwenye swichi ya ufunguo, solenoidi au stata yenyewe. Ukungu wa tamino huoshwa kwa maji ya moto yenye magadi, yale yale ya jikoni ya kulainishia githeri, kwa sababu magadi huua asidi. Kisha msasa, kisha kukaza, kisha grisi. Tamino hasi hutolewa ya kwanza na kurudishwa ya mwisho.

Waya unaosahauliwa kuliko zote ni wa athi, ule msuko wa shaba unaofunga injini kwenye bodi. Siku moja mkulima kutoka Subukia alileta pikapu iliyovutwa kwa kamba. Gereji moja mjini, isiyo na haja ya kutajwa, ilikuwa imemuuzia koili mpya, na wiki iliyofuata betri mpya. Mzee hakufungua hata kitambaa cha spana. Alisema, "Kijana, shika hiyo kebo ya choki." Akapiga stata. Ikatoa "ka" moja ya uvivu, na kebo ikachoma vidole. "Umeona njia yake?" Msuko wa athi ulikuwa umeoza, umeme ukakosa pa kurudia, ukajipenyeza kupitia kebo nyembamba ya choki. Siku hizi si lazima mtu aungue: waya mnene mmoja kutoka tamino hasi hadi kwenye chuma kitupu cha injini unatosha, na stata ikifufuka papo hapo, mwizi amepatikana. Mkulima alilipa bei ya msuko na soda mbili.

Stata ikizungusha vizuri nayo injini isishike, hapo ndipo ugomvi wa Mzee na fundi wa uwanja jirani ulipoanzia. Mzee alishikilia moto kwanza. Waya wa katikati wa koili huchomolewa kwenye kofia ya distribyuta, hushikwa kwa koleo yenye mpini mkavu wa plastiki, ncha yake ikae kama milimita 6 kutoka kwenye chuma cha injini, mbali na petroli yoyote, na mwenzako apige stata. Cheche ya buluu inayolia "ta!" ni nzima. Ya manjano, nyembamba, huelekeza kwenye kondensa, koili au pointi zilizoungua. Pointi husuguliwa na kupimwa zikiwa wazi kabisa, pengo la karibu milimita 0.4. Njiani pasipo na kipimo, Mzee alikata kipande cha boksi la kiberiti akakipitisha; kikikwaruza kidogo bila kukwama, basi. Wengi walifika Gilgil kwa boksi la kiberiti.

Fundi huyo jirani alisema mafuta kwanza, na hakuwa mjinga. Tanki za magari kuukuu hutema kutu, vumbi hujaa kwenye chujio, na pampu huvuta hewa pale mpira unapopasuka. Alichomoa bomba kwenye kabureta, akalielekeza kwenye chupa, akatazama petroli ikija kwa vipigo. Wawili hao walibishana miaka yote, na wanagenzi wao walirithi ubishi pamoja na spana.

Wote wawili walikosea. Cha kwanza ni plagi. Plagi iliyochomolewa baada ya kupiga stata hujibu maswali mawili kwa pamoja: ikiwa kavu, mafuta hayafiki; ikiwa imelowa na kunuka petroli, mafuta yamefika, tafuta moto. Nakuru jawabu la pili ni la kawaida. Mji uko karibu mita 1,850 juu ya bahari, Molo ni zaidi ya mita 2,400, na hewa ya huko ni nyepesi, hivyo kabureta iliyorekebishwa Mombasa humwaga petroli kupita kiasi. Dereva akivuta choki asubuhi ya baridi na kupampu eksileta kwa hasira, plagi zote zinalowa. Dawa ni kusukuma choki ndani, kukanyaga eksileta hadi chini bila kupampu, na kupiga stata kwa sekunde chache.

Mzee alikataa hoja hiyo mpaka alipofariki. Alisema plagi za 504 zimezama kwenye visima virefu, zinachoma mkono, na uchafu wa kisimani huangukia kwenye silinda. Kweli, ndiyo maana kisima hupulizwa kabla ya spana kuingia. Hilo alilijua, maana yeye ndiye aliyelifundisha.

Vijana hawabishani tena. Huchomeka kifaa cha kusomea makosa, na kisipoona tundu kwenye gari la 1979 humpigia mwenye gari simu kumwambia injini imekufa. Injini haijafa, bwana mdogo! Hujaigusa.

Mgandamizo huchunguzwa baada ya hayo yote, kwani ni nadra upotee ghafla. Stata ikizungusha injini kwa wepesi na kasi isiyo ya kawaida, bila kupumua, cheni ya taimingi huenda imekatika. Fungua kifuniko cha mafuta ya injini, na valvu zisipocheza stata ikipigwa, hapo si kazi ya kando ya njia.

Limebaki gari linaloshika stata ikizunguka, kisha hufa mara tu ufunguo unapoachiwa. Wengi hulaumu kabureta. Kwenye magari yenye rezista ya koili, umeme huiruka rezista wakati wa stata na kupita ndani yake baadaye; ikikatika, gari huishi kwa muda wa mkono kwenye ufunguo tu. Mwandishi alinunua pampu nzima ya mafuta kabla ya kujua hilo, kwa gari la mteja wa Elburgon, na pesa hakurudishiwa.