NESI WENU, SEHEMU YA 9: Kila msimu vijana walewale wanaumia. Kuna mkono wa mtu?

Leo tuache kidogo chanjo na kunyonyesha. Dada mmoja wa Sirari ameniandikia. Mwanaye anachezea timu ya chuo, na huu ni msimu wa pili anarudi nyumbani akichechemea. Anauliza: "Nesi, mbona timu nzima inaumia hivi? Au wapinzani wamefukia kitu golini?"

Nitakujibu dada, lakini kwanza niungame.

Mdogo wangu wa mwisho nilimlea mimi baada ya mama yetu kufariki. Alikuwa beki wa timu ya chuo, huku kwetu Tarime. Siku moja aliteguka enka, kifundo cha mguu. Hata wiki mbili hazijaisha akaniambia, "Dada, Jumamosi tuna mechi Mugumu. Nisipocheza, namba yangu anachukua mwingine." Mguu bado ulikuwa umevimba. Mimi, nesi niliyesomea, nikampa diklofenaki mbili, nikamfunga bandeji, nikamwambia, "Mura, kaze."

Nilikwenda nao. Tulitoka alfajiri, tumebanana kwenye gari, tukapita Nyamongo, tukavuka Mto Mara, vumbi tupu. Vijana walikuwa wamekunywa chai kavu tu. Tulifika tumechelewa, refa keshashika filimbi. Walikimbia raundi moja ya uwanja, basi, mpira ukaanza. Uwanja wenyewe kiangazi kile ulikuwa mgumu kama sakafu, na mashimo ya kwato za ng'ombe yamekauka vilevile.

Kipindi cha pili aliruka kupiga kichwa. Akaukwepesha ule mguu mbovu, akatua kwa mguu mmoja, goti likageuka. Mwenyewe anasema alisikia "pa!" ndani ya goti. Jioni lilikuwa limejaa kama tikiti. Mwanza walituambia kano ya ndani ya goti imekatika.

Hakuna aliyefukia kitu golini. Vile vidonge nilimpa mimi.

Baada ya hapo nilianza kuwauliza maswali vijana wa timu ile kila walipokuja kufungwa vidonda. Karibu kila aliyeumia alikuwa ameshaumia palepale msimu uliopita, akarudi uwanjani kabla hajapona. Na hili madaktari wa michezo wanalijua siku nyingi: ukitaka kujua nani ataumia, angalia nani aliumia jana. Kano ikiteguka inalegea. Maumivu yanaisha mapema, nguvu inarudi baadaye sana. Hapo katikati ndipo tunapowapoteza.

Mengine yanaongezea tu: mechi zinazobanwa ndani ya siku chache, njumu za mtumba zisizo saizi, kucheza bila kinga za ugoko, njaa, kukosa usingizi, na kutopasha misuli.

Kwenye kupasha misuli niseme kidogo, maana ni bure. FIFA wana mazoezi yao yanaitwa 11+. Ni dakika kama 20: kukimbia taratibu, kusimama kwa mguu mmoja, kuchuchumaa, kuruka na kutua vizuri, kukata kona. Hayahitaji jimu. Huko Lagos, Nigeria, timu za vijana zilizoyafanya ziliumia pungufu kwa karibu asilimia 40 kuliko zilizoendelea na mazoea yao. Utafiti huo ulichapishwa 2014. Mwalimu wa timu akikuambia hana bajeti, mwambie haya hayana bei.

Sasa sisi nyumbani tufanye nini?

👉 Siku ya kwanza akiteguka: apumzike, barafu ifungwe kwenye kitambaa dakika 15 hadi 20, bandeji isiyobana sana, mguu uinuliwe juu ya mto. Naomba sana, siku mbili tatu za mwanzo USIMKANDE kwa maji ya moto, usimchue, usimpeleke kuvutwa. Unaongeza uvimbe.

👉 Hospitali siku hiyohiyo kama: hawezi kupiga hatua nne, mfupa unauma ukiuminya, mguu umepinda au umekufa ganzi, au goti limejaa ndani ya saa chache. Akigongwa kichwa akatapika, akachanganyikiwa au akasinzia kupita kawaida, usisubiri asubuhi.

👉 Dawa ya maumivu ni ya kumsaidia alale, si ya kumrudisha uwanjani. Akinywa diklofenaki tumbo tupu, halafu akatoka jasho juani, anaumiza tumbo na figo pia.

👉 Kabla ya kurudi kwenye mechi: atembee bila kuchechemea, akimbie moja kwa moja, aruke kwa mguu ulioumia mara kumi bila maumivu, akate kona kwa kasi, afanye mazoezi kamili na wenzake. Hatua moja ikimshinda, bado.

Na tusiwafokee. Kijana akijua utamwambia "si nilikukataza mpira," atakuficha. Wangu aliniambia ukweli, na bado nilimwangusha kwa sababu na mimi nilitaka aonekane.

Siku hizi anafundisha shule ya msingi. Mpira hachezi tena. Tukishuka mlimani kwenda shamba hutangulia taratibu, ameshika goti, na hajawahi kunilaumu hata siku moja. Ningefurahi angenilaumu.

Dada wa Sirari, leo usiku mwambie mwanao avue soksi. Weka enka zote mbili kwenye mwanga. Kama moja ni nene kuliko mwenzake, Jumamosi hii hachezi. Akinuna, mwambie nesi kasema.

Mtumie na mama mwenzako mwenye mchezaji ndani. Sehemu ya 10 tutaongelea degedege. Mlale salama. 🙏