Si Uvivu, Wasee

Hapa Kaplong kazi hupimwa kwa kilo za majani chai. Ukisema umechoka na hujachuna hata kidogo, wewe ni mvivu tu. Mimi niliacha chuo kwa sababu ya uchovu sugu, ME: nikifua nguo leo, kesho kutwa hata simu sishiki. Daktari mmoja akaniambia nifanye mazoezi. Manze!

London, mwaka 2006, shirika la Invest in ME lilianza kukutanisha watafiti na wagonjwa. Wagonjwa walilia miaka mingi kwamba mazoezi ya kuongezwa kidogo kidogo yanawaangusha. Mwongozo wa NICE wa Uingereza uliacha kuyapendekeza 2021. Miaka yote hiyo!

Na walio hoi kabisa hawafiki ukumbini, mwanga tu unawaumiza. Siku mkileta kongamano hilo Kenya, nipigieni. Nitaongea nikiwa nimelala.