Mwaka unayoyoma, fisi wa bibi bado ana njaa!

Jamani, mwaka ndio huo unayoyoma! Wenzangu mjini najua saa hizi mnapigana vikumbo Kariakoo mkisaka viwalo vya sikukuu. Mimi niko zangu Kinampanda, wilaya ya Iramba, nimekalia kigoda cha bibi, miguu imejaa udongo, natazama watu wakihimizana shambani kwa kuwa mvua za kwanza zimeshapiga. Huku kwetu Singida mvua ni ya msimu mmoja tu. Ukiichezea Desemba, utaijutia mwaka mzima.

Kwa wasionifahamu, mimi ndiye yule mwandishi wa kitabu cha watoto cha fisi na sungura. Usicheke. Kijiweni kwetu Manzese wananiita Mwalimu wa Chekechea, nimeshazoea. Washikaji wanaona hadithi za watoto si kazi ya kijana mwenye ndevu, eti kama kweli najua kuandika niandike mapenzi au upelelezi nipate mshiko. Nikiwaambia kwamba Mama Elieshi Lema alikuwa ameshawaandikia watoto kabla hajatoa riwaya yake ya Kiingereza, Parched Earth, mwaka 2001, wananiuliza kama huyo mama naye alikuwa amepanga chumba Manzese.

Mimi ugonjwa huu niliupatia hapa hapa. Nikiwa darasa la tatu, mwalimu wetu alikuwa na sanduku la vitabu vyembamba vyenye picha, na aliyewahi kumaliza hesabu aliruhusiwa kuchagua kimoja. Hesabu zangu zilikuwa za haraka na za makosa matupu, mradi nifike sandukuni. Nilipokua ndipo nikasikia habari za Mradi wa Vitabu vya Watoto ulioanzishwa Dar mwaka 1991. Ujanja wao ulikuwa mmoja: mchapishaji akitoa kitabu cha watoto cha Kiswahili, wao wananunua sehemu kubwa ya nakala na kuzigawa mashuleni, zinazobaki anauza mwenyewe. Hapo mchapishaji halali njaa, na mtoto wa kijijini anajua kwamba kuna vitabu visivyo na maswali mwishoni.

Sasa tuje kwenye hesabu zangu za mwaka, maana mhariri alitaka safu ya shukrani, na orodha nilikuwa nimeshaiandika kwenye basi.

Nilichapa nakala 300 kwa fedha yangu, na fedha yangu maana yake ni laki sita za kikoba cha dada yangu pamoja na laki tatu nilizodunduliza. Nimeuza 112 kwa shilingi 5,000. Nyingine zilipitia kwa wenye maduka ya vitabu kwa mali kauli, na ukishakatwa cha mwenye duka kinachobaki ni nauli ya kuendea kukidai. Nakala 30 zilichukuliwa na shule moja ya binafsi, jina kapuni, mwezi Machi. Mpaka leo mhasibu yuko kwenye kikao. Bwana wee, kikao hicho kama ni cha harusi basi bibi harusi ameshazeeka! Nakala 41 nimegawa bure, kwa sababu ukiandika kitabu ndipo unapogundua una ndugu wangapi. Zilizobaki ni 117. Hamsini nimekuja nazo huku, 67 ziko uvunguni na nimezitegea sumu ya panya.

Wa kuwashukuru wapo. Mchoraji wangu alikubali nusu malipo na hajawahi kunipigia simu ya ukali. Kuna mama mmoja kwenye daladala la Mbagala aliniona nimekumbatia boksi, akauliza, akanunua vitano palepale bila kuomba punguzo. Dada naye anazidi kuwadanganya wana kikoba wenzake kuhusu mimi, Mungu amsamehe.

Ila orodha hiyo niliikunja nikaitia mfukoni usiku wa kuamkia Krismasi, na sababu yake ni ukurasa mmoja.

Hadithi si yangu, ni ya bibi. Alikuwa akitusimulia kwa Kinyiramba tukiwa wadogo, mimi nikaigeuza Kiswahili. Fisi na sungura wanaweka uwele wao kwenye kihenge kimoja, fisi anaingia usiku anaula, sungura anamtegea, fisi ananasa mkia, basi watoto hawana mbavu. Nilipoipeleka kwa fundi wa kuchapa, uchochoroni Kariakoo, alihesabu kurasa akatikisa kichwa.

"Dogo, kitabu cha kubana pini kinakwenda kwa nne nne," akaniambia. "Karatasi moja ukiikunja inakupa kurasa nne. Wewe una 17. Ama ukate moja zibaki 16, ama uende 20, tatu zikae nyeupe na uniongezee laki na nusu."

Laki na nusu nilikuwa sina. Nikasimama palepale, mashine zinanguruma, nikapekua picha moja moja nikitafuta ukurasa usiochekesha. Ulikuwa mmoja tu, wa tano. Nchi imekauka, fisi anapita nyumba hadi nyumba akiomba chakula, watoto wake wanamfuata nyuma, kila mlango unafungwa. Hata sungura anaficha uji nyuma ya mlango. Mchoraji alikuwa ameuchora kwa rangi ya majivu matupu, ukiuona unanyong'onyea. Nikautoa. Nikajisemea kimoyomoyo kwamba watoto wa mjini watauboeka.

Kwa hiyo kitabu kilichotoka kina fisi mlafi anayeiba kwa sababu yeye ni fisi. Kikauzika. Hakuna aliyelalamika.

Nimefika Kinampanda tarehe 23. Nilishuka Misigiri, barabara kuu ya kwenda Mwanza, nikabanwa kwenye Noah na magunia mpaka nyumbani. Bibi alinipokea kwa utani wake ule ule. "Mume wangu umekonda, huko Dar hakuna mwanamke wa kukupikia?" Nikampigia shikamoo, akaitikia marahaba huku amenishika uso kwa mikono miwili. Hapo nikajua macho yamekwisha. Mtoto wa jicho, yote mawili. Na bibi yangu alikuwa msomaji, alijifunza ukubwani kwenye kisomo cha watu wazima, kampeni ile ya Mwalimu iliyopamba moto mwaka 1970. Biblia yake bado iko juu ya meza, imefunikwa kitambaa.

Kesho yake usiku, baada ya ugali na mlenda, tukakaa jikoni, moto unawaka, watoto wa baba mdogo na wa majirani wamejazana. Nikasoma kitabu chote. Watoto walicheka ile mbaya, mmoja akabingirika mpaka karibu aingie motoni. Bibi hakucheka. Alikuwa ameshika nakala yake anapapasa zile pini.

"Mume wangu, soma tena pale fisi anapoingia kwenye kihenge."

Nikasoma.

"Kabla ya hapo."

"Kabla ya hapo hakuna kitu, bibi."

"Njaa iko wapi?"

Nikaanza kumweleza habari za pini na kurasa kwenda kwa nne nne. Nikamwambia na ile laki na nusu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akawaambia watoto wakalale. Tulipobaki wawili akasogeza kuni.

Akasema hadithi ile mama yake alimsimulia fupi, kama nilivyoichapa mimi. Fisi mlafi, mkia, basi. Hicho kipande cha njaa alikitia mwenyewe, mwaka 1974.

Mwaka ule unasimuliwa sana na wazee wa nchi hii. Ukame, mavuno hakuna, na wakati huo huo watu wanahamishiwa kwenye vijiji vya ujamaa. Serikali ikaagiza chakula nje. Babu alikuwa ameondoka kutafuta kibarua, hajarudi wala hajatuma salamu. Bibi akauza mbuzi, akamaliza, akaingia kwenye majani ya porini. Akaenda kuomba nyumba moja, ya pili, ya tatu. Alinitajia kila nyumba na alichoambiwa mlangoni, miaka hamsini na ushee hajasahau neno. Nyumba ya mwisho aliambiwa hakuna kitu, na huku anasikia harufu ya uji.

"Usiku nikarudi," akasema. "Kihenge kilikuwa nyuma ya nyumba. Nilichota kikapu kimoja cha uwele. Mtoto nilikuwa naye mgongoni, akakohoa, nikamziba mdomo kwa nguvu mpaka nikaogopa."

Mtoto mwenyewe ni baba yangu.

Kwa kweli sikujua nishike wapi. Nikauliza kipumbavu kama alikamatwa. Akacheka kidogo. Mvua iliporudi na akavuna, akajaza kikapu kile kile mpaka juu, akakirudisha usiku vilevile, akamwaga kwenye kihenge, akaondoka. Hakumwambia mtu, hata babu. Ila watoto wake walipoanza kuomba hadithi ya fisi, ulimi ukawa mzito kumwita mlafi. Ndipo akampa njaa, na milango iliyofungwa, na sungura mwenye uji.

Sasa fikiria, msomaji. Mwanamke amekaa na jambo hilo umri wake wote, mahali pekee alipolitolea ni kwenye hadithi ya watoto, halafu mjukuu wake msomi wa kidato cha nne analikata ili zibaki kurasa 16.

Nilimwomba radhi. Akasema radhi ya nini, mimi si nilikuwa sijui. Nikamwomba ruhusa ya kuandika haya mnayoyasoma. Akafikiri, akauliza gazeti lenyewe linafika Kinampanda? Nikamwambia kwa nadra. "Basi andika. Wenye kihenge wote wameshatangulia. Ila usinitaje jina, mimi mzee wa kanisa."

Baada ya Krismasi nikaenda kwenye steshenari moja, nikafungua simu, ile picha ya majivu mchoraji alikuwa amenitumia. Nikaitoa kopi hamsini, shilingi mia mia, upande mmoja picha, upande wa pili maneno, mara hii kama bibi alivyoyasema. Hazina rangi lakini picha yenyewe haikuwa na rangi za kupoteza. Tukakaa uani na gundi, watoto wakabandika, wengine wakabandika kichwa chini. Yule aliyebingirika juzi alisoma ukurasa mpya, akarudia, kisha akaniuliza kwa hasira kwa nini sungura alificha uji. Nikamwambia akamuulize bibi.

Mwakani Mungu akipenda nitaanza upya. Simu yangu imejaa sauti ya bibi, hadithi saba mpaka jana, na hizo sitazipeleka kwa fundi kabla sijamsomea mwenyewe kurasa zote. Tena kuna Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyotolewa kwa mara ya kwanza Aprili 13, 2023. Ilianza na riwaya na ushairi, baadaye wakaongeza hadithi za watoto. Nilimwambia bibi kwamba mshindi wa kwanza alipewa milioni kumi.

"Milioni kumi kwa ajili ya fisi?"

"Ndiyo, bibi."

"Nusu yangu. Nikatengeneze macho."

Macho yenyewe hatutangoji tuzo. Januari nampeleka hospitali wakamtazame, dada ameshaanza kuwaandaa wana kikoba kwa uongo mpya.

Kwa wewe uliyenunua kitabu, mmoja wa wale 112, nitafute nikirudi Dar. Ukurasa wako upo, bure, njoo na kitabu nikubandikie. Wa nakala 30 nao wa kwao upo. Ila wao waje na hela.