Kesi ya maji ya moto

Nimekuwa kimya, si mnajua mitihani ya Januari haina adabu. Leo nawaletea kesi iliyonikuta hapa Belfast, na mshtakiwa ni mimi.

Nyumba tunakaa wanafunzi wanne. Huku Ireland ya Kaskazini zaidi ya nusu ya nyumba hupashwa joto kwa mafuta, maana gesi asilia ya bomba ilianza kufika 1996 tu. Na mafuta yenyewe, msicheke, ni mafuta ya taa! Ndugu yake yule wa koroboi na jiko la mchina. Tangi liko nyuma ya nyumba, kulijaza tunachanga sawa. Boila ni moja, kazi mbili: inapasha vyumba na maji ya kuoga.

Shitaka lenyewe: eti tangu nihamie Septemba, maji ya bafuni yanaanza moto, dakika ya nne yanakuwa vuguvugu. Basi "mtu wa nchi ya joto" ndiye anayamaliza. Adhabu: niongeze paundi 20 kila mwezi. Jamani, hiyo si ndiyo nauli yangu?

Sikubishana. Nilichukua ndoo ya lita 10 na saa. Bomba la mvua likiwa wazi kabisa, ndoo ilijaa kwa sekunde 40, yaani lita 15 kwa dakika. Boila imeandikwa kilowati 26. Sasa kumbukeni fizikia ya sekondari: kupandisha lita 1 ya maji kwa nyuzi 1 kunataka kilojuli 4.2 hivi. Piga hesabu: kwa mwendo ule, maji yanapanda nyuzi 25, basi. Kiangazi yanaingia na nyuzi 15, unapata 40, raha mustarehe. Januari yanaingia na nyuzi 5, unapata 30. Hapo awe nani, atatetemeka.

Na zile dakika za mwanzo? Boila yetu ina kitangi ndani chenye maji yaliyokwisha kupashwa. Kichomeo chake kinapuliza mafuta kwa kiasi kile kile. Kinawaka au kinazima, hakina habari ya kuongeza moto. Joto la kitangi likiisha, unabaki na kilowati 26 zako. Na mtu akiosha vyombo wakati unaoga, mnagawana.

Dawa ni kupunguza bomba. Ndoo ikijaa kwa dakika nzima, hesabu inafika nyuzi 42. Maji machache, lakini ya moto kweli. Mafuta je? Kichomeo kikiwaka kinakula karibu lita 3 kwa saa. Dakika 10 ni kama nusu lita, uwe wa Tabora au wa Belfast.

Nikabandika hesabu kwenye friji. Wawili walijaribu kesho yake, wakasema yaishe. Wa tatu bado kanuna, anadai mvua isiyo na nguvu si kuoga. Ila paundi 20 sijatoa.

Mlioko vyuo vya huku, mkiambiwa boila inatoa lita kadhaa kwa dakika, ulizeni kwanza: inazipandisha nyuzi ngapi? Na kabla hamjamhukumu mgeni, angalieni kalenda. Mimi nilifika Septemba, baridi ikafika nyuma yangu, kosa lake nikabebeshwa mimi.

Alamsiki.