Bomu Lisilo na Saa

Ndugu msomaji, usidhani kwamba mzee kama mimi hana habari ya michezo wanayoicheza wajukuu. Ninayo, kwani huketi nao nikatazama na kuuliza. Ipo michezo ya ulimwengu uliokwisha teketea kwa vita, na mchezaji hujitia katika nafsi ya mtu aliyesalia. Ile ya mezani, mfano Gamma World iliyotoka Marekani mwaka 1978, huendeshwa kwa dadu na msimulizi. Humo bomu likitegwa kwa saa, saa yenyewe ni ulimi wa msimulizi. Yeye ndiye ahesabuye zamu, na wanaobishana mlangoni zamu zinawaishia.

Lakini lililonishughulisha zaidi ni bomu la Fallout 3, mchezo wa kompyuta wa mwaka 2008. Umo mji uitwao Megaton, uliojengwa kulizunguka bomu la atomiki ambalo halikuripuka. Watu hulala hapo, huuza na kununua (fedha yao ni vifuniko vya chupa), na wengine, astaghfirullah, huliabudu. Bomu hili halina saa inayohesabu, linamngoja mchezaji. Mkuu wa mji humwomba alizime. Bwana mmoja wa suti, aketiye kilabuni, humpa kidude cha kulipachika, na malipo mema. Akishakipachika, mji bado u salama. Yampasa kwanza asafiri hadi mnara wa matajiri, apande juu, na huko rohani abonyeze. Mwanga huonekana kwa mbali, mfano wa fataki.

Nikamwuliza mjukuu wangu, "Watu wale wamemkosea nini tajiri?"

"Hawakumkosea kitu, babu. Mji wao unamchafulia mandhari tu."

Hebu uzingatie umbali ule. Penye bomu mchezaji huwaona watu kwa nyuso zao. Mnarani haoni hata mmoja. Katika toleo la Japani yule bwana wa suti aliondolewa, hata mji ule hauwezi kuripuliwa. Kwa watu wa Hiroshima na Nagasaki siwezi kulaumu. Ila kwa watoto wetu, mimi niliyefundisha miaka mingi sioni kheri katika kuwafichia kitufe. Nia haijulikani pasipo na hiari.

Mjukuu wangu kidude kimo mkobani mwake. Wiki ya pili sasa anazunguka mjini mle, anasalimu watu na kununua vitu asivyovihitaji. Mama yake ataka nimkataze. Nimemwambia, "Mwache kwanza, mwanangu."