Chini ya Hezi Hamsini

Nilipoingia kiwandani kama fundi umeme, mwishoni mwa miaka ya 1980, mota zetu zilijua hali mbili tu: kusimama, au kuzunguka kwa kasi yote. Kiwanda kilikuwa cha nguo, Dar es Salaam, kwenye ukanda wa viwanda wa Barabara ya Pugu. Asubuhi zamu ya kwanza ilipowasha mashine, taa za karakana zilififia kila mota kubwa ilipoanza, maana mota inayopewa umeme wa laini moja kwa moja huvuta mkondo mara sita hadi nane ya ule inaoutumia ikishachanganya. Zile kubwa tuliziwasha kwa sta-delta. Hiyo ilishusha mkondo hadi thuluthi, lakini nguvu ya kuzungusha nayo ilishuka hadi thuluthi, na kontakta zilipohama kutoka sta kwenda delta mkanda ulilia. Mwaka mzima tulikuwa watu wa kubadilisha mikanda.

Aliyenifundisha kusuka mota alikuwa mzee wa Kidigo kutoka Tanga, mtu wa maneno machache, aliyeweza kunusa stata akakuambia kama koili imeungua kwa joto la siku nyingi au kwa shoti ya ghafla. Kabla hajaniruhusu kugusa waya, alinitaka nihesabu makundi ya koili hadi nijue mota ina ncha ngapi. "Kijana, ncha ndizo zinazoamua," aliniambia. "Hii ina nne. Haitavuka elfu moja na mia tano hata uipigie magoti."

Ndiyo hesabu ya kitabuni: zidisha masafa ya umeme kwa 120, gawanya kwa idadi ya ncha. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo ncha mbili ni mizunguko 3,000 kwa dakika, nne ni 1,500, sita ni 1,000. Rota yenyewe hubaki nyuma kidogo ya uga wa sumaku unaozunguka ndani ya stata, labda 1,450 badala ya 1,500, na huo mtelezo ndio unaozaa nguvu. Rota ikiufikia uga, nguvu inakwisha. Ncha za mota huwezi kuzibadilisha ikiwa inatembea, na hezi 50 zilikuja na nguzo kutoka barabarani. Hapo ndipo mazungumzo kuhusu kasi yalipoishia.

Aliyetaka kasi nyingine alibadilisha puli, au alifunga giaboksi, au, kama ilivyokuwa mara nyingi, aliiacha mota ikimbie kisha akaiziba njia: dampa kwenye feni, valvu kwenye pampu. Mashine moja tu, ile ya kuchapa rangi kwenye vitambaa, ilikuwa na seti ya Ward Leonard. Mota inazungusha jenereta, jenereta inalisha mota nyingine ya DC, na kasi unaipanga kwa kugusa mkondo mdogo wa uga wa jenereta. Mmarekani Harry Ward Leonard aliusajili mpango huo mwaka 1891, na mimi karne moja baadaye nilikuwa bado napuliza unga wa kaboni kwenye komyuteta. Mashine tatu kwa kazi ya moja. Ilitembea vizuri sana, lazima niseme, na niliipenda.

Inveta ya kwanza niliyoifungua mfuniko ilikuja miaka ya mwanzo ya 1990, ikiwa ndani ya paneli ya mashine mpya ya kukaushia nguo. Duniani haikuwa kitu kipya: Danfoss ya Denmark ilianza kuuza inveta za kutengenezwa kwa wingi, VLT 5, mwaka 1968. Kwetu ilikuwa sanduku la kijivu ambalo hakuna aliyetaka kuligusa. Injinia aliyekuja kulifunga aliniita nisogee, akanionyesha kwa ncha ya bisibisi. Hapa umeme wa njia tatu unaingia, na daraja la dayodi linaugeuza kuwa DC. Hapa DC inatulizwa na kapasita. Ukiingiza volti 400, utapima kati ya 540 na 565. Na hapa transista sita zinaikata DC hiyo vipande vyembamba na vinene, maelfu ya mara kwa sekunde, kwa mpangilio ambao koili za mota zinaupokea kama wimbi laini. Ukibadilisha mpangilio wa kukata, wimbi linakuwa la hezi 30, au 12, au 50.

Nilimkumbuka mzee wangu. Maneno yake hayakuvunjwa. Ncha zilibaki nne. Kilichoguswa ni ile namba nyingine ya hesabu, masafa, ambayo sisi wote tuliichukulia kuwa haiguswi.

Jambo moja nililielewa polepole, na vijana wengi bado linawapita. Volti lazima zifuate masafa. Mota ya volti 400 na hezi 50 inataka volti 8 kwa kila hezi, kwa hiyo kwenye hezi 25 inapewa 200. Ukishusha masafa ukaacha volti juu, chuma cha stata kinashiba sumaku, mkondo unapanda, na mota inaungua hata kama haijabeba kitu. Ukienda juu ya hezi 50, volti ndizo zimekwisha: mota itakimbia, lakini nguvu ya kuzungusha inapungua kadiri inavyokimbia. Nimeitwa mara nyingi kwenye vinu vilivyowekwa hezi 70 ili visage haraka, wenye kinu wakishangaa mbona vinazidiwa na mahindi yale yale. Na kule chini kuna mtego mwingine. Mota ya kawaida inapoozwa na feni iliyo kwenye shafti yake yenyewe. Iache ibebe mzigo mzito kwenye hezi 10 mchana kutwa, hiyo feni inazunguka kivivu, na utaisikia harufu ya vanishi ya koili kabla hujaona moshi. Mota kama hiyo inahitaji feni ya pembeni yenye umeme wake.

Lakini kilichonifunga kwenye kazi hii moja kwa moja ni feni ya boila. Feni na pampu zina sheria yake, na ni sheria nzuri kuliko zote nilizowahi kujifunza: hewa inafuata kasi, shinikizo linafuata mraba wa kasi, na nguvu inayoliwa inafuata kasi ikizidishwa kwa yenyewe mara tatu. Kasi ikishuka hadi asilimia 80, nguvu inashuka hadi karibu 51. Kasi ikiwa nusu, nguvu ni moja ya nane. Feni yetu ya boila ilikuwa imetembea miaka nenda rudi na dampa lililofungwa karibu nusu. Grisi ya bawaba zake ilishakauka ikawa kama lami. Mota ya kilowati nyingi ilikuwa inasukuma hewa kwenye bati, na sisi tunalipia.

Nilipeleka hesabu kwa uongozi, ikakaa mezani. Kisha ukaja mwaka 2006. Ukame ulishusha maji kwenye mabwawa, nchi ikaingia kwenye mgao wa umeme, na kiwanda kikawa kinaishi kwa jenereta ya dizeli. Hapo kila kilowati ilikuwa na bei ambayo hata mhasibu aliiona kwenye tangi. Inveta ikanunuliwa. Tulifungua dampa lote, tukaanza hezi 50, tukashuka hatua kwa hatua, fundi wa boila akiwa amesimama kwenye tundu la kuangalizia mwali. Mwali ukiwa wa njano na wenye moshi, hewa ni kidogo. Ukiwa mweupe na mkali mno, hewa imezidi na joto linatokea kwenye bomba la moshi. Aliinua mkono tulipofika hezi 38. Klampu mita niliyoishika kwenye waya wa kuingilia ilisoma chini ya nusu ya mkondo wa zamani. Akina mama wa kitengo cha kukunja nguo, ng'ambo ya ukuta, walituma mtu kuuliza kama feni imekufa. Walikuwa wamezoea kupigiana kelele ili wasikizane, na ghafla wakajikuta wanasikia redio.

Baadaye nilihamia kiwanda cha saruji, na huko nikajifunza upande ambao wauzaji hawausemi. Mota moja ya feni, mara tu ilipofungwa inveta, ilianza kula beringi. Unaweka mpya, baada ya miezi michache inavuma, unaitoa. Walilaumiwa wauza spea kwamba wanauza bandia. Alilaumiwa kijana wa grisi. Mimi nikaichukua beringi moja iliyotolewa, nikaikata kwa grainda, nikaifuta kwa petroli. Grisi ilikuwa nyeusi kama masizi. Ndani ya ringi ya nje, kwenye njia ya gololi, kulikuwa na mistari ya kijivu, sambamba, yenye nafasi sawa, kama ubao wa kufulia. Ukipitisha ukucha unaihesabu.

Mistari hiyo haichorwi na uchafu wala na uzito. Inachorwa na umeme. Kwenye umeme wa laini, njia tatu zikijumlishwa ni sifuri kila wakati. Za inveta si hivyo, kwa sababu kila moja inakatwa kwa zamu yake, na kinachobaki kinapanda kwenye shafti ya mota kikitafuta ardhi. Njia fupi ni beringi. Utando wa mafuta kati ya gololi na ringi ni mwembamba mno. Volti zikizidi kidogo unatobolewa, cheche inaruka, chuma kinayeyuka kwenye nukta ndogo kuliko punje ya chumvi. Hilo linatokea maelfu kwa maelfu ya mara, na mtetemo wa gololi unazipanga nukta kuwa mistari. Tulibadilisha kebo ya kawaida tukaweka yenye ngao, ngao ikabanwa duara zima kwenye paneli na kwenye mota, siyo kusokotwa mkia na kufungwa kwa skrubu moja. Upande usio na mzigo tukaweka beringi iliyokingwa, na kwenye shafti tukafunga brashi ya ardhi. Beringi zikaanza kuishi umri wake.

Tangu hapo nimekuwa na msimamo, na sijauacha: inveta ni shahidi kabla haijawa mtuhumiwa. Ikikata na kuandika kosa kwenye kioo chake, mara nyingi inaeleza jambo lililotokea kwenye mzigo, kwenye kebo, kwenye ardhi au kwenye laini. Viwanda vingi vina stoo iliyojaa inveta "mbovu" zisizo na ubovu wowote.

Kwenye shamba moja la umwagiliaji kando ya mto, mkoani Morogoro, nilikuta mota ya pampu imesukwa tena na tena, na kila mara inaungua kwenye mizunguko ya kwanza ya koili. Paneli ilikuwa imejengwa juu mlimani kwa kuogopa mafuriko, na kebo ya kushuka kwenye pampu ilizidi mita mia mbili. Mipigo ya inveta ikisafiri mbali hivyo, inadunda inapofika kwenye mota na kujirundika juu ya inayoingia, hadi volti kwenye terminali zinakaribia mara mbili ya zile za kapasita. Ni zaidi ya elfu moja, kwenye vanishi iliyotengenezwa kwa mia nne. Dawa ilikuwa kichujio kwenye njia ya kutokea ya inveta. Msukaji wa mota hakuwa na kosa lolote, ingawa alishanyimwa malipo.

Pwani kuna maadui wengine: chumvi ya hewani, vumbi, mjusi anayefuata joto la paneli. Joto ndilo baya zaidi, kwa kuwa umri wa kapasita hupungua kwa nusu hivi kwa kila nyuzi 10 zinazoongezeka, na feni ndogo ya kupozea ikifa hakuna anayeisikia. Na nimewasihi wote niliofanya nao kazi: ukizima inveta, usifungue. Kapasita bado zimeshika volti mia tano na zaidi. Subiri dakika zilizoandikwa kwenye mfuniko, kisha pima DC kwa mita yako mwenyewe. Na megga, kile kipimo cha kinga ya waya kinachotumia volti kubwa, usiipige kwenye kebo ambayo bado imeungwa kwenye inveta, utaua transista zote kwa mara moja.

Nimestaafu, lakini simu zinakuja. Ya karibuni ilitoka kwa binti niliyemfundisha, ambaye sasa ni fundi wa zamu. "Shikamoo Mzee. Feni inakata kila tukiwasha, inasema mkondo umezidi. Wakubwa wameshatoa inveta mpya stoo, wanataka niifunge leo."

"Marahaba mwanangu. Feni yenyewe umeiangalia ikiwa imezimwa?"

Alikwenda, akanipigia akiwa palepale. Feni ilikuwa imezimwa, na ilikuwa inazunguka kinyume. Feni ya jirani inatumia njia moja ya hewa na hii, na kilango cha kuzuia hewa isirudi kilikuwa kimekwama wazi kwa vumbi. Inveta ilikuwa inajaribu kuanza kutoka sifuri kwenye rota inayokimbia upande mwingine. Nilimwelekeza kwenye kigezo kinachoiamuru inveta ipime kwanza mota inazunguka upande upi na kwa kasi gani, iikamate hapo na kuigeuza taratibu. Akakiwasha. Lakini kabla ya hapo, bila kuambiwa, alikuwa ameshapanda na nyundo ya mbao na mafuta, akakilegeza kilango mpaka kikafunga chenyewe. Aliwasha kwa inveta ile ile ya zamani, akanisomea ampea moja moja zikipanda hadi hezi 42, na ile mpya ikarudishwa stoo ikiwa bado kwenye boksi.