Hamu Iliyopotea Ziwani

Sonona haiji daima na machozi. Mara nyingi huja kwa kuondoa hamu, na majirani wakaiita uvivu. Hamu hiyo hutegemea sana dopamini, kemikali ambayo neva za ubongo hupelekeana. Wengi huidhania kuwa kemikali ya raha, ilhali kazi yake kubwa ni kumsukuma mtu akifuate anachokitamani. Mwaka 1957 Arvid Carlsson wa Uswidi aliwapa sungura reserpini, dawa ambayo humaliza akiba ya kemikali za namna hiyo, nao wakaduwaa. Walipopewa levodopa, ambayo mwili huigeuza kuwa dopamini, wakachangamka tena.

Huko Kigwena, kwenye mwambao wa Rumonge, askari mmoja mstaafu aliyegeuka mvuvi alikuwa na taa nzima na nyavu nzima, lakini usiku wa giza, wenziwe wanapovua ndagala, alibaki kitandani. Mukeke aliyeungwa kwa mawese alikiri kuwa ni mtamu, ila hakunyoosha mkono kuongeza. Daktari alimpa fluoksetini. Siku ya tisa alitaka kuitupa.

"Mama watoto, dawa hii ni sawa na maji," alimwambia mkewe.

Haikuwa maji. Fluoksetini haiigusi dopamini moja kwa moja. Huizuia serotonini isirudi upesi katika neva iliyoitoa. Kazi hiyo huanza mapema, lakini nafuu huweza kungoja wiki mbili, nne, hata sita, kwani ubongo hujirekebisha polepole, na njia za dopamini zikiwamo. Mkewe alihesabu kwa mbalamwezi, kama wavuvi, na vidonge akaviweka yeye. Alifanya vyema: nguvu huweza kurudi kabla ya matumaini, na wiki za kwanza zataka macho, hasa kwa vijana.

Liko jambo jingine lisemwalo kwa aibu. Serotonini ikizidi huweza kuizimisha dopamini kiasi. Wataalamu wengi huona kuwa ndiyo sababu moja ya baadhi ya wagonjwa kuacha kulia na kuacha kucheka pia, na hamu ya tendo la ndoa kupungua. Mke ana haki ya kuambiwa hayo mapema na daktari, asije akayagundua chumbani na kumshuku mwanamke mwingine. Kipimo chaweza kupunguzwa, au dawa kubadilishwa. Iko bupropioni, ambayo huigusa dopamini yenyewe, ingawa haimfai mwenye kifafa. Kuacha ghafla huleta kizunguzungu, hasira na usingizi wa mang'amung'amu; daktari hupunguza vidonge kidogo kidogo.